Siku Mama Malimi Alipopanda Wimbi

Kama ulikunywa chai ya maziwa pale Sumbawanga mjini mwaka wa tisini na tatu, basi jua ulikunywa maziwa ya Mama Malimi. Usibishe. Wauzaji wengine walikuwepo, sikatai, lakini wao waliuza maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Mama Malimi aliuza maziwa.

Jina lake Coleta. Mumewe, mzee Ngeleja, alimtoa Usukumani miaka ya themanini, wakaswaga mifugo yao wakifuata majani, mpaka wakafika nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, wakajenga, wakakaa. Wenyeji waliwatazama kwa jicho la pembeni kwanza, halafu wakaja na sufuria. Coleta akaona kutembea na maziwa kichwani ni kupoteza asubuhi nzima, akanunua baiskeli. Mama wa watoto wanne, juu ya baiskeli ya kiume, ile yenye bomba katikati! Watu walicheka wakashika mbavu. Alianguka mbele ya kanisa, akaanguka mbele ya soko, siku moja akaingia na baiskeli yake hadi ndani ya duka la vitambaa. Wiki ya tatu hakuanguka tena. Waliocheka wakaanza kumsubiri mlangoni asubuhi, ukungu haujaondoka, wakisikiliza kengele yake.

Nimeanza na baiskeli makusudi. Bila ile baiskeli huwezi kuelewa kilichompata huko Kipili.

Mwezi wa saba mwaka huo Mama Malimi alitangaza likizo. Karani mmoja wa mahakamani, mteja wake wa siku nyingi, aliposikia alitoa macho.

"Likizo? Kwani wewe umeajiriwa na nani, mama?"

"Nimejiajiri. Na bosi wangu kanikubalia," akajibu. "Si mnasema siku hizi kila kitu ruksa? Basi na mimi kupumzika ni ruksa. Wiki moja. Maziwa ataleta mwanangu Malimi, na akiyachanganya maji uniambie nimchape, hata kama ana ndevu."

Akapanda lori la wachuuzi wa dagaa, akashuka nalo kutoka kwenye baridi ya Ufipa hadi Kipili, ziwani, alikoolewa binti yake Herieth. Tangu azaliwe hakuwa amekaa kando ya maji makubwa namna ile. Aliposhuka kwenye lori alisimama na furushi lake akasema, "Gashi! Yote haya ni maji?" Herieth, mtoto wake Silvana mgongoni, akamkumbatia huku akicheka na kulia.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue. Mume wa Herieth ni Vitus, kijana wa Kifipa wa hapo hapo Kipili, mtu wa mitumbwi. Mwaka wa tatu ulikuwa unakwenda tangu aoe, na katika muda wote huo yeye na Mama Malimi hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Si kwa ugomvi, ni kwa heshima. Katika ukoo wa Ngeleja mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawaongei ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Siku ya posa Ngeleja alimweka Vitus chini akamweleza, na Vitus, kwa hofu ya kukosea, akaishika mila hiyo kuliko Wasukuma wenyewe. Mama Malimi alijua kisogo cha mkwe wake vizuri sana. Sauti yake hakuijua. Kwa mabega yale aliyonayo, alikuwa ameamua kwamba lazima ni sauti nzito, ya kunguruma.

Kwa hiyo hakufikia kwa binti yake. Alilala kwa Mama Fransiska, mamaye Vitus, mjane mmoja mchangamfu mwenye maneno mengi kuliko migebuka ya ziwa zima. Usiku ule wakala ugali wa muhogo, wakacheka mpaka wakakosa usingizi.

Kesho yake Herieth alimpeleka ng'ambo ya rasi, upande usiokingwa na visiwa, ambako upepo wa kiangazi unasukuma mawimbi moja kwa moja hadi mchangani. Mama Malimi alikuwa akiosha miguu yake taratibu alipoinua macho, akaona mtu anakuja juu ya maji. Amesimama, juu ya ubao! Mikono kaitandaza, shati linapepea, wimbi linamleta ufukweni kama mzigo uliotumwa.

"Herieth! Yule ni nani?"

"Ni mwalimu Evaristi wa Namanyere, mama. Yuko likizo. Baba Silvana anamfundisha."

Ubao wenyewe uliletwa na kijana mmoja wa Kizungu aliyekuwa anazunguka Afrika. Alikosa nauli ya mtumbwi wa kumvusha kwenda Kasanga, akamwachia Vitus ubao wake. Kabla ya kuondoka alikaa wiki mbili akimfundisha namna ya kupanda wimbi. Sasa Vitus, kila mapumziko yakifika, alikuwa anawafundisha walimu na makarani waliokuja kupunga upepo. Malipo kipande cha sabuni kwa somo moja. Nyakati zile kila mtu alikuwa na kabiashara.

Mama Malimi hakusikia habari ya sabuni. Macho yalikuwa kwa mwalimu. Moyo ulikuwa unamdunda, mwenyewe alisema baadaye, kama siku ile alipoona baiskeli imeegeshwa dukani na hakuna aliyeipanda.

"Na mimi nataka," akasema.

"Unataka nini, mama?"

"Kusimama pale juu."

Herieth alikaa chini mchangani. "Mama, mwalimu wake ni mkweo!"

"Kwani nimesema nataka kuongea naye? Nimesema nataka kusimama."

Ndivyo alivyo. Huwezi kumshinda kwa maneno, na hata Ngeleja aliacha kujaribu zamani. Jioni ile Herieth alipeleka maombi kwa mumewe. Vitus akashika kichwa. Akauliza atamfundishaje mtu asiyeruhusiwa kumwangalia. Akaenda kwa mamaye, na Mama Fransiska badala ya kumsaidia akaangua kicheko, akapiga makofi, akasema somo hilo yeye halikosi hata kama ana homa. Mwisho Vitus akakaa nje peke yake muda mrefu, kisha akaja na mpango.

Alhamisi asubuhi Mama Malimi alifika ufukweni akamkuta Herieth peke yake. Mchangani palikuwa pamechorwa ubao, urefu wake kamili, na ndani ya mchoro mlikuwa na alama: viganja viwili, magoti, kisha nyayo mbili zimekaa upande. Vitus alikuwa amekuja alfajiri, akalala kwenye mchoro, akaruka, akasimama, akaondoka zake. Somo aliliacha chini.

Mama Malimi alichuchumaa akalisoma. Huyu ni mtu aliyekulia kwenye ng'ombe. Aliwahi kufuata kwato za ng'ombe walioibwa siku mbili nzima, akawapata. Nyayo za mtu mmoja zingemshinda? "Mguu wa kushoto mbele," akasema. "Viganja hapa kifuani. Anajisukuma, anaruka, anatua. Mbele hapa amekanyaga kidogo. Nyuma hapa kisigino kimezama sana. Uzito wote ameuweka nyuma." Akalala kwenye mchoro, akajisukuma, akaruka. Mara ya kwanza alitua kwa goti. Mara ya kumi alitua kwa nyayo, safi kabisa, Herieth akapiga vigelegele. Nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, kule juu, kisogo kimoja kilitikisika kwa furaha.

Wakaingia majini. Kwa heshima ya mkwe Mama Malimi alivaa gauni lake la zamani, ndani suruali ya mitumba ya Malimi, na juu ya yote kitenge alichokizungusha mara mbili. Alipofika kiunoni gauni likajaa hewa, akaelea kama dumu tupu. Mama Fransiska, mchangani na mjukuu mgongoni, alicheka mpaka mtoto akaamka. Wakatoka, wakakaza gauni kwa kamba, wakaingia tena. Ubao ulikuwa umepakwa nta ya mshumaa usiteleze, na kamba yake imefungwa kwenye kifundo cha mguu.

Mpango ulikuwa hivi: Vitus anakaa kule nyuma ya mtumbwi, anatazama ziwa, hatazami mtu. Herieth anasimama katikati, maji magotini. Vitus anamwambia Herieth, Herieth anamwambia mama. Mama akiwa na swali, linarudi njia hiyo hiyo.

"Mwambie mama alale katikati ya ubao," Vitus alisema.

"Mama! Anasema ulale katikati!"

"Mwambie nimelala!"

"Anasema amelala!"

"Naona," akasema Vitus. Halafu akakumbuka kwamba haoni. "Yaani, naona ubao umetulia." Herieth alikaribia kuanguka kwa kicheko.

Basi wimbi likaja. Vitus akasema "sasa", Herieth akapaza sauti "sasa", Mama Malimi akaruka, na wimbi lilikuwa limeshapita zamani, liko mchangani linakufa. Akasimama juu ya maji yaliyotulia kwa muda wa kupepesa jicho, kisha chubwi! Akaibuka anatema maji, anacheka. "Tena!" La pili, vilevile. La tatu akajaribu kuotea mwenyewe, akaruka mapema mno, ubao ukamtoka ukaenda zake. La nne alilipata, likamnyanyua, na yeye akaweka uzito wote kwenye kisigino cha nyuma kama alivyosoma mchangani. Pua ya ubao ikainuka juu, mama akaenda chali. Ujumbe kwamba pale mchangani kisigino kilizama kwa sababu ya kuruka, na majini uzito unakaa katikati, ulimfikia akiwa tayari chini ya maji.

Lakini furaha yake! Midomo ilikuwa myeupe kwa kutetemeka na bado anasema tena. Wavuvi wa mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, waliacha nyavu zao wakaja kutazama. Vijana wakampa jina, Mama Likizo, kila akianguka wanapiga makelele, "Mama Likizo, poa! Rudi tena!" Naye anawapungia mkono.

Ijumaa ikawa hivyo hivyo, kutwa nzima. Alishajua kupiga makasia kwa mikono, alishajua kuweka uzito katikati. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho hakikuwa chake. Lile neno "sasa" lilikuwa linachelewa. Wimbi halisubiri neno lipite kwenye midomo miwili. Jioni akaketi kwa Mama Fransiska, mabega yanauma, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Lori linaondoka kesho saa nne," akasema. "Nitarudi sijasimama."

"Kwani kuna nini, mama mwenzangu? Umecheza vya kutosha. Mwenzio hata kuloa nywele sijaloa."

Mama Malimi alikanda bega lake. "Tangu nimeolewa," akasema, "sijawahi kufanya jambo ambalo mwisho wake si ndoo. Nikiamka, ndoo. Baiskeli nilijifunza kwa sababu ya ndoo. Hili ni langu peke yangu. Nilitaka walau mara moja." Na machozi yakamtoka, hakuyaficha.

Mama Fransiska akasogeza kigoda. "Basi ongea naye. Ni mwanangu, hana makuu. Mila ni zenu, mnaweza kuzilegeza."

"Huijui hiyo mila," akajibu Mama Malimi. Ndipo akamweleza habari ya Ngeleja. Miaka ishirini na miwili Ngeleja hakumsemesha mama mkwe wake. Alimpelekea ng'ombe wa maziwa, alimwezekea nyumba, alimlimia shamba, yote kimya kimya. Siku bibi huyo, mamaye Coleta, alipozikwa, watu wamekwisha kuondoka, Ngeleja alirudi kaburini peke yake. Coleta alimfuata kwa mbali akamsikia. Alisema neno moja tu, "Mama." Akasimama pale muda mrefu sana akingoja. "Hajawahi kunieleza," Mama Malimi akasema. "Na mimi sijawahi kumwambia kwamba nilisikia."

Mama Fransiska, aliyekuwa na maneno mengi hivyo, akachukua kitenge cha mwenzake kilicholoa, akakianika.

Jumamosi kulipambazuka na upepo wa kusini umepania. Mawimbi yalikuwa yanakuja yamejipanga, makubwa, mazuri, yanameremeta. Mama Malimi aliyaona kwa mbali akaanza kukimbia, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, kitenge mkononi. Lori lilikuwa limeshaanza kupakiwa dagaa. Alipofika akamkuta Herieth ameshika koo.

"Nini?"

Herieth akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Siku mbili za kupiga kelele zilikuwa zimemmaliza sauti, ikabaki pumzi tu.

"Yeee! Leo?" Mama Malimi akashika kiuno.

"Mnipe mimi!" Mama Fransiska akavua kandambili, akampa Herieth mtoto, akajitosa hadi magotini. "Mimi sauti ninayo!" Na kweli alikuwa nayo. Wimbi la kwanza lilipokuja Vitus alisema neno lake, na Mama Fransiska akapagawa kwa msisimko akapiga kelele ndefu kabisa, yote kwa Kifipa. Mama Malimi hajui Kifipa. Akageuza shingo kuuliza, "Unasema?" na wimbi likampindua.

Huko mwaloni lori likapiga honi. Ya kwanza.

"Moja tu! Moja la mwisho!" Mama Malimi akapanda ubao, akapiga maji kwa mikono kuelekea nje, akapita povu la kwanza, la pili, akageuka akaelekea nchi kavu. Akangoja. Mate yamemkauka na huku amezungukwa na maji yote yale. Nyuma yake aliusikia mlio, mlio mzito kuliko yote ya siku zile tatu. Hakuthubutu kugeuka. Maji yakaanza kumnyanyua miguuni. Akaona Mama Fransiska ameziba mdomo kwa mikono miwili, ameduwaa, amesahau kazi yake. Hakuna wa kumwambia. Wimbi linapita. Linapita kama yale mengine yote!

Ndipo mtu akachomoka nyuma ya mtumbwi. Vitus alikuja mbio, akakanyaga nyavu za watu, akaingia majini na nguo zake zote, mikono juu, uso wake umemwelekea mama mkwe wake wazi bila kificho.

"Mama! Simama! Sasa, mama, simama!"

Akasimama.

Viganja kifuani, akajisukuma, akaruka, nyayo zikatua pale pale. Magoti yakakunjika yenyewe. Na akaenda! Wee, alikwenda! Ziwa zima lilikuwa linamsukuma na hakuna pedali, hakuna mlima, hakuna dumu nyuma. Upepo ulimpiga usoni, kamba ya gauni ikakatika, kitenge kikajaa upepo nyuma yake. Alipiga kelele moja isiyokuwa ya Kiswahili wala ya Kisukuma. Aliona mchanga unakuja, watu wanarukaruka, Herieth analia bila sauti, Silvana mdogo anapiga makofi asijue kwa nini. Akafika hadi maji ya kifundo cha mguu, akashuka kwenye ubao kwa miguu yake miwili, kama anavyoshuka kwenye baiskeli mbele ya mlango wa mteja.

Ufukwe mzima ulikuwa unashangilia. Halafu watu wakakumbuka, mmoja baada ya mwingine, wakanyamaza.

Vitus alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake, maji magotini, uso ameuinamisha. Amemtazama mama mkwe wake, amemwita, tena amemwamrisha kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Mama Malimi alikuwa amempa mgongo. Hata katika raha ile, mwili wake uligeuka wenyewe kwa mazoea. Na alichokuwa anakiwaza, alivyosema baadaye, ni kwamba sauti yenyewe haikuwa nzito hata kidogo. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa mtu.

Honi ya pili ikalia. Hakuna aliyesogea.

Mama Malimi akavuta pumzi. Hakugeuka, lakini alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mtumbwi, "Naam, baba. Nimesimama."

Nyuma yake mtu mzima alianza kulia kama mtoto, na Mama Fransiska akapiga kigelegele ambacho sina shaka walikisikia Kongo.

Alisafiri na nguo mbichi juu ya magunia ya dagaa, anacheka peke yake kila lori liliporuka shimo. Walipopita Kate, huko juu Ufipa, baridi ilimwingia hadi kwenye mifupa na wala hakujali. Alifika nyumbani jioni. Ngeleja alikuwa zizini anafunga ndama. Hakuacha kazi yake.

"Malimi kasema umeaga watu kwamba unakwenda kupumzika," akasema. "Mbona unatembea umepinda?"

Akamsimulia. Alisimulia huku amepanda juu ya kinu kilicholala, anaonyesha miguu ilivyokaa, mikono ilivyotandazwa, anaanguka, anainuka. Ngeleja alicheka mpaka akaachia kamba, ndama akakimbilia kwa mamaye. "Sasa nani alikuambia usimame?" akauliza, akifuta machozi ya kicheko. "Si umesema Herieth alikauka sauti?"

"Mkweo," akasema Coleta. "Aliniita. Alisema mama."

Kicheko cha Ngeleja kikakatika. Akamtazama mkewe. Coleta akashuka kwenye kinu.

"Ukaitika?" akauliza Ngeleja.

"Nikaitika."

Ngeleja akageuza uso, akajifanya anatafuta kamba iliyokuwa mkononi mwake. Akaingia katikati ya ng'ombe, akawa anawapapasa migongo mmoja mmoja. Mwisho alisimama kwa yule mtamba mweupe mwenye baka jeusi, ambaye mara mbili alikataa kumuuza, akamfunga kamba shingoni taratibu.

"Huyu ni wa Kipili," akasema. "Nitampeleka mwenyewe. Na nikifika, huyo kijana aniite baba, na mimi niitike."